Inveta isihukumiwe kabla ya kupimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagharimu fedha nyingi wananchi wanaotumia umeme jua, hasa sisi wa vijijini na visiwani katika Ziwa Victoria. Ni tabia iliyoenea ya kumwambia mteja kwamba bodi, yaani kibao cha saketi, ya inveta yake (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kawaida wa nyumbani) imekufa na kwamba dawa yake ni kununua nyingine, ilhali hakuna aliyeifungua wala kuipima.

Inveta inapolia na kujizima kila friji inapoanza kuunguruma, cha kwanza kushukiwa ni nyaya za betri, si bodi. Mzigo wa wati 500 kwenye mfumo wa volti 12, ukijumlisha na umeme unaopotea ndani ya inveta yenyewe, huvuta karibu ampea 50. Mkondo huo ukipitishwa kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule ule tunaofungia soketi za nyumbani, kwa mita mbili za kwenda na mbili za kurudi, takribani volti 1.4 hupotea njiani, na betri yenye volti 12.2 huonekana kwa inveta kuwa na volti 10.8. Hapo inveta nyingi huanza kulia, na volti zikishuka kidogo tena hujizima ili kuilinda betri. Fundi apime volti kwenye vichwa vya betri, kisha apime kwenye skrubu za inveta huku mzigo ukiwa umewashwa. Namba hizo zikitofautiana sana, mteja anahitaji waya mnene na skrubu zilizokazwa vizuri, wala hana haja ya inveta mpya.

Hata pale bodi inapokuwa imeharibika kweli, mara nyingi vilivyoungua ni vipuri vichache mno. Niliwahi kuletewa inveta ya zahanati ambayo muuzaji alikwisha kusema haifai tena, na uongozi ulikuwa unahangaika kutafuta fedha za kununua nyingine. Nilipoondoa kifuniko nilikuta mjusi aliyekauka, amelala juu ya miguu ya mosfeti, yaani zile transista za nguvu zinazopangwa mstari kwenye bati la kupoozea. Mita ikiwekwa kwenye alama ya dayodi, mosfeti nzima husoma karibu 0.5 upande mmoja, na ukigeuza waya za mita haisomi kitu. Safu ile ilisoma sifuri pande zote mbili, dalili ya shoti. Lakini mosfeti hizo zimeunganishwa sambamba, hivyo moja ikipiga shoti zote huonekana mbovu, na ilibidi nizing'oe kwenye lehemu moja baada ya nyingine ndipo nikajua kwamba zilizokufa zilikuwa mbili tu. Rezista ndogo, yaani vipuri vya kupunguza mkondo, zinazoelekea kwenye mageti yake (miguu inayopokea amri ya kuwaka na kuzima) nazo zilikuwa zimeungua.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi. Fundi hubadilisha mosfeti peke yake, huunganisha betri moja kwa moja, na mosfeti mpya hulipuka papo hapo kwa sababu saketi inayoziamuru bado ni mbovu. Kisha husema, kwa nia njema kabisa, kwamba bodi haitengenezeki. Kwenye ile ya zahanati nilibadilisha safu nzima kwa mosfeti za aina moja, nikabadilisha rezista za mageti, nikaipima saketi inayoziamuru, na mara ya kwanza nikaiwasha kupitia balbu ya taa ya gari iliyowekwa kati ya betri na inveta. Balbu ikibaki inawaka kwa nguvu, shoti bado ipo, na ni balbu hiyo inayookoa vipuri vipya visiungue. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, ni kapasita tu, vipuri vinavyohifadhi umeme kwa muda, zilizokuwa zinajaa, na kazi inaweza kuendelea. Inveta ile ilirudi kazini.

Nawasihi vijana wanaojifunza kazi hii waheshimu upande wa umeme mkubwa wa bodi. Kapasita za huko huweza kushikilia volti zaidi ya 300 hata baada ya betri kuondolewa, nazo hutolewa umeme taratibu kwa rezista na kupimwa tena, si kwa kugusishwa bisibisi. Na mwenye nyumba asiifunge inveta chini ya bati kali lisilo na dari, kwa maana umri wa kapasita hizo hupungua kwa takribani nusu kila joto lake linapopanda kwa nyuzi 10.

Ujuzi huu haufiki mbali ikiwa bidhaa yenyewe imetengenezwa isifunguliwe. Nimefungua inveta ambazo namba za aisii, yaani chipu zake, zimekwanguliwa kwa makusudi, na nyingine ambazo sehemu ya bodi imemwagiwa gundi ngumu isiyotoka bila kuvunja vipuri. Mchoro wa saketi haupatikani kwa muuzaji wala kwa mwagizaji, na dhamana nyingi huisha kabla betri ya kwanza haijachoka. Nchini Ufaransa, Januari 2021, wauzaji wa baadhi ya vifaa, zikiwemo simu na televisheni, walianza kulazimika kumwonyesha mnunuzi alama inayoeleza ni kwa kiasi gani kifaa kinaweza kutengenezwa. Sioni kwa nini mkulima wa Sengerema asipewe taarifa kama hiyo anapotoa mapato ya msimu mzima kununua inveta.

Ombi langu kwa Wizara ya Nishati na kwa Shirika la Viwango Tanzania ni kwamba mwagizaji wa inveta atakiwe kuwa na mchoro wa saketi na akiba ya vipuri vya kawaida, yaani mosfeti, rezista za mageti, kapasita, fyuzi na rilei, na kwamba inveta zenye namba zilizokwanguliwa zisiruhusiwe sokoni. Kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, naomba mafunzo ya umeme jua yasiishie kwenye kufunga paneli juu ya paa, bali mwanafunzi akabidhiwe bodi iliyoungua, mita na chuma cha kulehemu, na asihitimu mpaka aeleze kwa maandishi kilichoiunguza.

Fundi wa umeme jua,
Sengerema, Mwanza.