Kwaya za watoto zipewe nafasi kabla ya 2027

Mhariri,

Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na sisi wa Molo tunaijua hofu yake. Nyumba zilichomwa huku 1992 katika ghasia za uchaguzi, zikachomwa tena mwanzoni mwa 2008.

Nafundisha kwaya ya shule ya msingi yenye watoto wa Kikuyu, Kikipsigis na Kikisii. Tunapojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, huwachagulia wimbo wa kienyeji ambao kwa wengi wao si wa kwao. Mtoto wa Kikuyu akitaka kuimba Kikipsigis sawasawa, hana budi kwenda kwa nyanya wa mwenzake asahihishwe matamshi. Kazi yenyewe hufanyika huko, jikoni kwa jirani, akikaribishwa mursik, maziwa ya mgando ya Kikalenjin, na kuulizwa habari za mama yake. Tulipoimba mwomboko, ngoma ya Kikuyu, mzazi Mkipsigis ambaye ni fundi wa kuchomelea alitutengenezea karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa mdundo, bila malipo, kisha akabaki mpaka jioni akitazama watoto wakijifunza hatua.

Najua muziki hutumiwa pia kuchochea. Nyimbo za chuki zilipigwa redioni wakati wa ghasia za 2008, na wengi tulizisikia. Kwa nini basi jukwaa hili tuwaachie wachochezi?

Fedha za amani zisiishie kwenye semina za hotelini. Naiomba serikali ya kaunti itupatie basi na kibali, kwaya zetu ziimbe siku za soko Elburgon, Njoro na Kuresoi kabla kampeni hazijapamba moto.

Mwalimu wa kwaya,
Molo, Nakuru