Usiupike Uyoga Huo

Wete, Pemba

Kwako shoga yangu mpenzi Biubwa,

Assalaam alaykum. Sisi huku sote wazima, masika yameshika kasi, na Bi Zuhura anakusalimu huku akilalamika kwamba dawa ya magoti uliyomwahidi bado hajaiona, hayo yangoje.

Picha uliyonitumia imeninyima raha. Umeniandikia kwamba umekuta uyoga mnono chini ya mwaloni karibu na unapokaa hapo Canberra, kwamba unafanana na ule unaoota kwenye mabua ya mpunga, na kwamba unakusudia kuupika kwa tui. Nakusihi, usiupike, huo una sumu inayoua. Kofia yake ni ya kijani kilichochanganyika na manjano, chini ya kofia ni mweupe, shingoni umevaa pete, na mguu wake umechomoza ndani ya kifuko. Ule wa mpunga nao una kifuko, na hapo ndipo watu wanapoingia mkenge, lakini hauna pete, na ukikomaa huwa wa waridi chini ya kofia.

Mialoni ililetwa Australia kutoka Ulaya, na uyoga huo wa pichani, unaoishi kwa kushikamana na mizizi ya miti, uliingia huko kutoka Ulaya vilevile. (Mikarafuu yetu nayo ni wageni, lakini haikutuletea balaa kama hilo.) Hapo hapo Canberra, mkesha wa mwaka mpya wa 2012, mpishi mmoja kutoka China aliupika akidhani ni ule wa mpunga, na yeye pamoja na mwenzake wakafariki. Kama mpishi alikosea, sembuse wewe unayeunguza wali? Sumu yake haitoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha, na kofia moja yaweza kumuua mtu mzima. Linalonitisha zaidi ni hadaa yake: saa sita au zaidi hupita bila ya dalili yoyote, ndipo yaje matapishi na kuharisha, kisha mgonjwa hupata nafuu akadhani amepona, kumbe ini linaendelea kuharibika.

Je, umeshaula? Kama umeula, ni lini, na nani mwingine alikaa kwenye sinia hilo? Umekwenda hospitali, au unangoja tumbo likuume kwanza? Mabaki yapo, uyachukue madaktari wayaone? Na yule mama mwenye nyumba, anajua kilichoota pale wanapocheza wanawe?

Nijibu leo hii, walau kwa neno moja.

Wako,
Asha