Tafadhali Usilipange Upya Sanduku la Barua Kabla ya Kutuletea

Wateja wanaotuletea nyaraka za familia za Ireland tuzitengeneze na kuzihifadhi, zile za tangu Maasi ya Pasaka ya 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza hadi mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1923, mara nyingi hufika nazo zikiwa zimeshapangwa: barua zimetolewa kwenye bahasha, zimefuatanishwa kwa tarehe, na zilizochanika zimebandikwa selotepu. Kazi hiyo imefanywa kwa upendo, lakini hutusumbua kuliko kutu na unyevu.

Barua hizi zina uzito wa pekee kwa sababu kumbukumbu nyingi rasmi zimepotea. Tarehe 30 Juni 1922 jengo la kumbukumbu za umma lililokuwa ndani ya eneo la mahakama la Four Courts, Dublin, liliteketea pamoja na sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851 na wasia zisizohesabika. Ofisi iliyoundwa mwaka 1947 kukusanya ushahidi wa wapiganaji ilipata maelezo 1,773, ila wasimulizi walikuwa wakikumbuka mambo ya robo karne na zaidi. Barua iliyoandikwa kambini Frongoch, Wales, walikozuiliwa wanaume wa Ireland wapatao 1,800 baada ya maasi ya 1916, haitegemei kumbukumbu ya uzeeni, ingawa ilipita mikononi mwa mkaguzi wa Kiingereza, na kwa hiyo yasiyosemwa humo nayo yanafaa kuchunguzwa.

Mpangilio wa karatasi nao ni ushahidi, ndiyo maana tunaujali. Tuseme barua ya mwaka 1920 imefungwa kwa utepe mmoja na rasimu ya maombi ya pensheni ya utumishi wa kijeshi chini ya sheria ya 1934, ile iliyowafungulia mlango wanawake wa Cumann na mBan, jumuiya ya wanawake wa harakati za uhuru wa Ireland. Kifurushi hicho kinaashiria kwamba mwombaji aliitafuta barua yake ya zamani ili imsaidie kuthibitisha utumishi wake. Zikishatenganishwa kwa kufuata tarehe, hakuna atakayejua kwamba ziliwahi kukaa pamoja. Bahasha nayo ina muhuri wa posta, na pengine alama ya mkaguzi, ambavyo barua yenyewe haina.

Sanduku likifika, kwanza tunapiga picha kila tabaka kama lilivyo na kuipa kila karatasi namba ya mahali ilipokuwa, kisha ndipo tunaanza kugusa. Pini zenye kutu tunazitoa taratibu, kwa kuwa kutu hula karatasi. Vipande vya magazeti, ambavyo asidi yake huacha doa la kahawia kwenye barua jirani, tunavitenga katika folda zao huku tukiandika vilikotoka. Michaniko tunaiziba kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, inayoweza kuondolewa kwa unyevu kidogo siku yoyote. Gundi ya selotepu, kinyume chake, hupenya ndani ya nyuzi na kugeuka njano, na kuitoa ni kazi ya saa nyingi ambayo bila shaka itaonekana kwenye ankara yako.

Tunaomba jambo moja kwa msisitizo: usipanguse wala usilowanishe maandishi yanayoonekana kama ya penseli ya kawaida. Wakati ule watu wengi walitumia penseli ya kunakili, ambayo ina rangi ndani yake, na tone moja la maji huigeuza zambarau na kuisambaza hadi maneno yasisomeke. Wino wa chuma nao una hatari yake, kwa sababu asidi yake hutoboa karatasi pale kalamu ilipokandamiza, kwa hiyo barua ya namna hiyo haifai kukunjwa na kukunjuliwa mara kwa mara.

Kupaka karatasi plastiki kwa mashine ya moto hatufanyi, hata mteja akisisitiza. Kuskani tunafanya mwishoni, baada ya matengenezo, na nakala za kidijitali tunakukabidhi pamoja na folda zisizo na asidi na orodha ya namba. Ukiamua baadaye kukabidhi nyaraka za familia yako kwa Maktaba ya Taifa ya Ireland au kwa hifadhi ya chuo kikuu cha University College Dublin (UCD), zilipo karatasi za Richard Mulcahy na Ernie O'Malley, waliokuwa makamanda wa wapiganaji wa wakati ule, orodha hiyo na picha za tabaka zitakwenda nazo.