Mwanangu, daktari umwambie na dawa za goti

Ngamiani, Tanga
14 Desemba

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima. Baba yako hajambo, kidonda kimefunga, na juzi fundi alikuja kumrekebishia ule mkanda wa mguu wa bandia uliokuwa unamchubua.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu hukunijibu. Nimekuuliza mara mbili, mara zote mbili ukaniambia mtandao unakata, kisha ukanitumia picha za makaratasi ya hospitali. Makaratasi nimeyasoma yote, na pasiponielea nimempelekea yule nesi mstaafu wa nyumba ya pili akanieleza. Swali langu halimo humo. Umemwambia daktari atakayekupasua kupunguza tumbo kwamba unakunywa diklofenaki, zile dawa za maumivu ya goti?

Niliziona mwezi wa tisa ulipokuja, nilipokuwa natoa nguo zako za mazoezi nizifue. Pakiti mbili kwenye mfuko wa pembeni wa begi, moja imebaki vidonge vitatu. Sikusema kitu. Alfajiri yake nilikuwa macho, nikakuona umesimama gizani pale kwenye ndoo, umemeza kimoja, ukafunga kamba za viatu na mguu wa kulia umeukunja kwa taabu, ukatoka kwenda kukimbia Raskazone. Ulirudi unacheka, jasho linachuruzika. Nami nikakupakulia chai kama sijaona.

Nesi anasema tumbo likishapunguzwa, dawa za jamii hiyo ni hatari, zinachimba vidonda ndani. Daktari akijua mapema atakutafutia nyingine. Asipojua atakusaidiaje?

Upasuaji wenyewe sikukatazi, hilo liweke moyoni. Mwanzo nilikataa, na maneno niliyoyatamka siku ile unayo, sitayarudia hapa. Lakini nimekutazama miaka minne. Anayesema "si afanye mazoezi tu" hajakuona. Shangazi yako alilisema hilo kwenye arusi ya juzi, mbele za watu, nikamwuliza yeye mara ya mwisho kukimbia hata mita mia moja ni lini. Wewe umekimbia kilomita 21 za Moshi ukamaliza kwa miguu yako, na unanyanyua chuma cha kilo 100 kutoka chini. Medali yako nimeitundika kwenye msumari wa kalenda, juu ya cherehani, kila mteja anaiona. Kilo 126 umezishusha mpaka 112 kwa jasho lako, kisha mwili ukagoma hapo mwaka na nusu. Kwa ile hesabu yao ya uzito na urefu bado umepita 40, yaani unene wa kupindukia, na sasa sukari nayo imeanza kupanda. Baba yako alianza hivyo hivyo, "imepanda kidogo tu". Kwa hiyo nenda hospitali ya Mloganzila, nenda kwa amani.

Ningependa zaidi lile puto la tumboni, maana puto huwekwa na kutolewa. Hili la kukata halina kurudi. Nimesoma kwamba wanaondoa zaidi ya robo tatu ya tumbo, linalobaki ni kama ndizi, na pembeni yake unapita mshono wa pini ndogo ndogo kutoka juu hadi chini. Mwanangu, mimi mshono naujua. Kitambaa kizuri kabisa, uzi mzuri kabisa, ukikivuta kabla hakijatulia kinaachia, na kinaachia pale ambapo huoni. Wameandika wenyewe kwamba hatari kubwa ya siku za mwanzo ni mshono kuvuja. Wameandika pia usinyanyue kitu kizito wiki 6. Hilo ulilisoma au uliliruka?

Nauliza kwa sababu mdogo wako kaniambia umeshajiandikisha tena Moshi. Usimgombeze, nilimbana mimi. Upasuaji ni tarehe 8 Januari, mbio ni mwisho wa Februari. Hesabu mwenyewe hizo wiki. Wiki 2 za mwanzo ni vitu vya majimaji, baadaye vya kupondwa, chakula cha kawaida unakigusa mwezi wa pili kwa vijiko. Na maji hutakunywa kwa mkupuo tena. Ni funda moja, unasubiri, funda jingine, na wakati wa kula hunywi kabisa mpaka ipite nusu saa. Wewe ninayekujua ukirudi mbioni chupa ya lita moja na nusu unaimaliza hujakaa chini. Kwenye kilomita 21 na jua la Februari utakunywa nini?

Halafu kuna hilo la protini. Karatasi imesema gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Nimepiga hesabu kwa chaki juu ya meza ya kukatia nguo: ni mayai 10 hadi 13 kwa siku, kwa tumbo lenye ukubwa wa ndizi, na hiyo ni kwa mtu wa kawaida. Mtu anayebeba vyuma je? Nesi anasema usipoipata, mwili hula nyama yake wenyewe. Miguu yote hiyo uliyoijenga itakwisha, halafu utaanza kujilaumu kwamba umelegea, utaongeza mazoezi, na chakula hakipo. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi, kuliko hata kisu. Kutembea watakutembeza siku ile ile au ya pili yake, hiyo ni dawa, damu isigande miguuni. Lakini wewe ukiambiwa tembea, unasikia kimbia.

Na kocha umemwambia unasafiri kikazi. Kwa hiyo daktari hajui mazoezi yako yalivyo, kocha hajui kama unapasuliwa, na mumeo anajua nusu ya kila upande. Kila mmoja umempa kipande. Nani atakayeiona nguo nzima?

Tabia hiyo hukuiokota barabarani. Nilipofanyiwa ule upasuaji wa uvimbe, wewe ulikuwa darasa la sita, daktari aliniuliza kama kuna dawa ninayotumia. Nikasema hakuna. Nilikuwa nimekunywa dawa ya mizizi miezi minne, bibi mmoja wa Muheza ananiletea, na niliona aibu kuitaja mbele ya vijana wale waliovaa makoti meupe. Damu ilikataa kukata. Nikaongezewa chupa tatu. Kama ni ile dawa au si ile dawa sijui, ila walikuwa wanatafuta sababu, nami ninayo mdomoni, siitoi. Baba yako mpaka leo anaamini ulikuwa uzembe wa hospitali, na alimsema yule daktari vibaya sana, barazani, watu wanasikia. Nikanyamaza. Hili hajalijua, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Jumanne ukienda kliniki zichukue zile pakiti mkononi umwonyeshe. Mwambie unakimbia mara ngapi kwa wiki, unabeba kilo ngapi, na ule unga wa kopo unaokunywa kabla ya mazoezi mpelekee kopo lenyewe asome. Kisha mwulize swali moja waziwazi: lini nirudi kukimbia, lini nishike chuma. Akupe tarehe, iandike. Akisema Moshi safari hii basi, ni basi, Moshi haihami. Ulipo sasa hukufikishwa na pupa.

Vitamini ni za maisha, B12, madini ya chuma na kalsiamu, usije ukaziacha ukishaona umepungua. Nywele zitapukutika mwezi wa tatu au wa nne hivi, usishtuke, zinarudi, ila usisuke za kuvuta. Habari ya mtoto mnasubiri mwaka na nusu, imeandikwa, mumeo aione kwa macho yake.

Mimi nakuja. Usiniambie nisije. Nitapanda basi la tarehe 6, linalopitia Chalinze, nashuka Kibamba, sina haja ya kufika mpaka Mbezi na kurudi nyuma. Nitakaa wiki 3. Nakuja na mtama na uwele wa uji, nitausaga mwenyewe laini kabisa, na supu ya samaki nitaichuja. Sare za Januari nimewaachia wale wasichana wawili ninaowafundisha, wameshaiva, mmoja kola anaikalisha kuliko mimi. Siku hizi nikimpima mtoto wa mtu kiuno naiandika namba kimya kimya kwenye daftari, siitaji kwa sauti. Waliniuliza kwa nini, maana mafundi wote wanaitaja. Nikawaambia ndivyo tunavyofanya hapa.

Nguo zako usizigawe, hata zikipwaya. Nitakuja na futi, nizipunguze kidogo kidogo kadiri unavyoshuka, na pindo nitaliacha pana.

Bati la jikoni limetoboka tena upande wa mkarafuu, mvua za vuli zimetuonyesha. Fundi anataka elfu 85 pamoja na misumari, nimemwambia asubiri nirudi, wewe usitume kitu, hela yako kaa nayo kwa ajili ya hospitali. Mdogo wako matokeo yanatoka Januari, anajifanya hana wasiwasi na hali chakula. Mbuzi kazaa wawili, mmoja jike.

Ukipita Kariakoo wiki hii ninunulie zipu nyeusi za inchi 8, dazeni mbili, na za buluu ya shule dazeni moja. Zile za plastiki sizitaki, zinang'oka meno. Mpe dereva wa basi la Tanga, namba yake mdogo wako anayo.

Jumanne ukitoka kwa daktari nipigie, hata kama ni usiku. Uniambie alivyosema baada ya kuziona zile pakiti.

Mama yako