Garimoshi la Silverton halikufa lilipoacha makaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaodai kwamba garimoshi la Durango hadi Silverton, katika milima ya Colorado nchini Marekani, limegeuka pambo tu tangu liache makaa ya mawe na kuanza kuchoma mafuta. Wanaosema hivyo wanaipenda reli hii, na uchungu wao nauelewa. Lakini wamekosea.

Reli hiyo ilifika Silverton mwaka 1882 kuteremsha fedha na dhahabu za migodi ya huko, zaidi ya mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Ina urefu wa kilomita 72 na upana wa futi 3 tu kati ya chuma na chuma, ili iweze kupinda na kona za bonde la mto Animas. Injini za mvuke za aina iitwayo K-28 ziliundwa 10 mwaka 1923; zimebaki 3 duniani, na zote ni za reli hiyo. Swali la kweli ni moja: zitaendelea kupanda mlima, au zitafungiwa bandani?

Safari ya kwenda na kurudi ilikuwa ikila takriban tani 6 za makaa, yote kwa koleo la mchochezi, yaani mhudumu anayetunza moto wa injini, na maji lita 38,000 hivi. Taabu ilikuwa kwenye mwinuko. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hutokea kwenye dohani kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachovuta hewa kupita motoni. Dereva akifungua mvuke zaidi, mvuto unaongezeka. Moto uliotandazwa vibaya hutoboka, hewa hupenya kwa nguvu kwenye tundu, na vipande vya makaa yanayowaka hupeperushwa hadi nje kupitia mabomba ya moshi yaliyo ndani ya boila, yaani tangi la kuchemshia maji. Wavu wa cheche huzuia vikubwa. Ukiweka wenye matundu madogo zaidi huziba, moto unakosa hewa, na presha inashuka treni ikiwa katikati ya mlima. Ndiyo maana nyuma ya treni kulikuwa na kigari cha doria chenye maji, cha kuzima vimoto kandokando ya reli.

Tarehe 1 Juni 2018, wakati wa ukame mkali, moto ulizuka kaskazini mwa Durango ukateketeza takriban ekari 54,000. Serikali ya Marekani ilishtaki ikidai chanzo ni cheche za garimoshi, na mwaka 2022 kampuni ya reli ikakubali kulipa dola milioni 20 kumaliza kesi. Baada ya moto ule, injini namba 493 ilirudi kazini mwaka 2020 ikichoma mafuta, na nyingine zikafuata. Mimi sioni uamuzi mwingine wa busara katika msitu unaokauka namna ile.

Wanaodhani kuchoma mafuta ni kufungua bomba na kukaa, wasimame karibu na mchochezi kwa dakika kumi tu. Mafuta hupulizwa na mvuke yawe ukungu ndani ya tanuri lililojengewa matofali ya moto. Injini ikiwa baridi haina mvuke wa kupuliza, kwa hiyo huazimwa mvuke au hewa iliyoshindiliwa kutoka kwingine. Njiani, mkono wa mchochezi hauachi valvu: dereva akipunguza mvuke, naye hupunguza mafuta papo hapo, la sivyo moshi mweusi hutanda. Akiyakata ghafla, hewa baridi hupiga mabomba yenye moto, chuma husinyaa, na viungo huanza kuvuja. Masizi nayo hujenga utando ndani ya mabomba na kuzuia joto lisifike majini. Dawa yake ni mchanga mkavu: injini ikiwa inavuta kwa nguvu, mchochezi humwaga kidogo kwenye tundu la mlango wa tanuri, mvuto unaunyonya, nao unakwangua masizi na kuyatoa kwenye dohani.

Na boila haijui kama chini yake kuna makaa au mafuta. Bamba la juu ya tanuri lazima lifunikwe na maji wakati wote, la sivyo hupata joto kupita kiasi na kulegea. Treni ikimaliza mlima na kuanza kuteremka, maji hukimbilia mbele na kuliacha bamba hilo hatarini, hivyo akiba huwekwa kabla ya kufika kileleni. Mwaka 1995, kwenye reli ya Gettysburg huko Pennsylvania, Marekani, maji yalipungua, bamba likashindwa kuhimili, na wahudumu watatu wakaungua. Kanuni za Marekani zilizofuata zinadai boila ioshwe kila baada ya siku 31 za kazi, na ivuliwe mabomba na kukaguliwa yote baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, kutegemea kipi kitatangulia.

Ombi langu kwa wapiga picha wanaosafiri huko: msimwombe mchochezi awatolee moshi mweusi kwa ajili ya kamera. Moshi huo ni mafuta ambayo hayakuungua, na masizi yake yanabaki ndani ya mabomba.

Msomaji wako,
Mpenzi wa garimoshi