Nilivuka pantoni nimefumba macho

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi Kigamboni na nashona nguo Kariakoo. Miaka saba nimevuka kwa pantoni asubuhi na jioni, na shida yangu ilikuwa moja tu, kupata pa kukaa.

Masika iliyopita tulisimama katikati ya maji kupisha meli iliyokuwa ikiingia bandarini. Joto, watu wamebanana, ndoo za samaki wa Feri miguuni. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio, pumzi haishuki, vidole na midomo vikafa ganzi. Nikapiga shahada kimoyomoyo, nikijua nakufa. Kina mama wakanilegezea mtandio, wakanipepea kwa khanga mpaka tukashuka.

Hospitali walipima moyo, presha na sukari, vyote vizima. Daktari akasema ni shambulio la hofu. Mwili umemwaga adrenalini kama mtu aliyekutana na simba, nami kwa kuhema harakaharaka nikapunguza kaboni dayoksaidi kwenye damu, ndiyo ile ganzi na kizunguzungu. Hofu hiyo, alisema, hupanda, mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika kumi, kisha hushuka yenyewe. Nilimwelewa vizuri kabisa. Kesho yake nilipoliona geti la Feri miguu ikagoma.

Nikaanza kuzunguka na daladala kwa darajani. Baada ya wiki chache daladala iliyojaa nayo ikanishinda, halafu foleni ya benki. Kwenye harusi ya binamu yangu nilikaa nje kwenye ngazi mpaka wageni wakatawanyika. Kila nilipokimbia nilipata nafuu siku ile, ila hofu ikawa imeongeza mahali pengine pa kukaa.

Mama mkwe alisema ni jini. Nilisomewa dua, moyo ukatulia, namshukuru. Lakini pantoni sikupanda.

Mshauri wa saikolojia ndiye aliyenipa njia ninayoifuata sasa: niifuate hofu ilipo, hatua kwa hatua, na nisiondoke kabla haijashuka. Jumapili mbili nilisimama getini Feri, nikitetemeka, mpaka mapigo yakapungua. Jumapili ya tatu nilipanda na mume wangu. Tulipofika katikati ikaja. Nikamkamata mkono, nikafumba macho, nikahesabu tasbihi mpaka ng'ambo.

Mume wangu alifurahi sana, akanunua mihogo tukala palepale. Mimi nilinyamaza. Moyoni najua sikuitazama hofu. Nilijificha nyuma ya mkono wake, na nadhani siku asipokuwepo nitarudi mwanzo.

Ushauri ninaoomba ni huu. Niendelee kuvuka naye kwanza, kisha nimwachie mkono kidogokidogo, au nianze peke yangu Jumapili asubuhi watu wakiwa wachache? Jirani yangu anasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nipande ile ya saa kumi na mbili jioni iliyojaa, nimalize. Naogopa nikishindwa pale nitajifungia ndani moja kwa moja.

Na mume wangu nimwambieje, Shangazi, bila kumvunja moyo? Alikesha nami siku nyingi, na mkono ule aliutoa kwa mapenzi.

Ni mimi,
Mama wa watoto wawili, Kigamboni