Njeri, kabla useme tena "warudi kwao"

Njeri wangu,

Habari za Nyahururu, na mama anaendeleaje na ile miguu? Sisi huku Eldoret tuko salama, mvua ilikuja mapema na mahindi yamefika magotini, mzee anasema Mungu akipenda mwaka huu tutavuna. Nimeamua nikuandikie barua nzima juu ile jibu nilikuwa naandika kwa grupu ilizidi kuwa ndefu, na pia kuna maneno mengine ndani ni yetu sisi wawili, si ya watu 80.

Ni ile mesej yako ya juzi. Uliandika ile nchi ya Israel na Palestina Mungu aliwapa Wayahudi, Waarabu walikuja nyuma, wako na nchi 22 si waende huko, warudi kwao. Hassan naye akajibu na hasira ati Wayahudi ndio wageni, walitoka Ulaya na meli, warudi Poland. Halafu mkatupiana aya mpaka saa sita usiku. Mimi nilisoma yote nikanyamaza lakini usingizi ulikataa, na kilichonikatalia usingizi si aya, ni hilo neno "warudi kwao". Njeri, wewe na mimi tunalijua hilo neno.

Unakumbuka 2019 nilienda hija na watu wa parokia, nikakuletea ile rozari ya mzeituni. Kuna siku moja sijawahi kukuhadithia vizuri. Tulikuwa tumelala Nazareti, na yule mtu aliyekuwa anatutembeza ni Mkristo Mwarabu, Mmaroni, Mkatoliki kama sisi tu isipokuwa misa yao ina maneno ya Kiaramu ndani. Akatuomba kama hatutachoka atupeleke mahali pamoja ambapo hapakuwa kwa ratiba, huko juu kabisa karibu na mpaka wa Lebanon. Panaitwa Bir'im. Kwa Kiebrania ni Bar'am, na sasa ni mbuga ya taifa.

Ukiingia unaonyeshwa kwanza sinagogi la kale, juu hilo ndilo watalii wanaletwa kuona. Na ni zuri kweli, siwezi kudanganya. Mawe makubwa yamechongwa, milango mitatu upande wa mbele, wanaoomba wanaelekea kusini upande wa Yerusalemu, na limesimama hapo zaidi ya miaka 1500. Nikashika lile jiwe nikasema basi Njeri ana haki, hawa watu walikuwa hapa zamani sana, hakuna mtu anaweza kufuta hiyo. Halafu yule ndugu akatutoa hapo, hatua chache tu, tukaanza kupita katikati ya kuta zilizobomoka, mitini imeota ndani ya sebule za watu, na hapo juu kanisa limebaki na kengele yake. Akasimama kwa rundo moja la mawe akasema, hapa ndipo mama yangu alizaliwa.

Sasa nisikilize venye ilikuwa. Mwisho wa Oktoba 1948 jeshi la Israel liliingia Galilaya ya juu. Watu wa Bir'im hawakupigana. Mwezi wa kumi na moja jeshi likawaambia watoke kwa wiki mbili tu, mambo ya usalama wa mpaka, halafu watarudi. Wiki mbili. Nyanya yake huyo mtu alipima chakula cha kuku cha wiki mbili akaacha na maji kwa karai, akaenda. Wengi waliishia Jish, kijiji cha jirani, karibu sana, na wakapewa walale kwa nyumba za Waarabu wengine waliokuwa wamekimbilia Lebanon. Hebu fikiria hiyo, unafukuzwa kwako unawekwa kwa kitanda cha aliyefukuzwa pia.

Hawakurudi. Na si kwamba walikaa wakilia tu, walienda korti. Kijiji kingine cha Wakristo kama wao, Iqrit, ndicho kilitangulia, na Julai 1951 Mahakama Kuu ya Israel yenyewe ikasema hawa watu warudishwe. Umesoma vizuri, korti ya Israel ilisema warudi. Desemba hiyo hiyo, mkesha wa Krismasi, jeshi likalipua nyumba za Iqrit zote, likaacha kanisa. Bir'im nao wakaenda korti, na Septemba 1953 ndege zikaangusha mabomu kwa kijiji kitupu na wenyewe wamesimama kilimani wanatazama paa zao zikienda. Yule ndugu alituonyesha na kidole upande walikosimama.

Na hawa si maadui wa nchi, Njeri. Ni raia, wana vitambulisho vya Israel, wanalipa kodi na kupiga kura. Mwaka 1972 askofu Mkatoliki Joseph Raya aliwaongoza kwa maandamano na Wayahudi wengi wakajiunga nao, lakini waziri mkuu Golda Meir akakataa, hofu yao ilikuwa wakirudisha hawa basi na wengine wote watadai. Mwaka 2003 kesi ya Iqrit ikafika tena kwa ile korti, na safari hii ikaikubalia serikali. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa na hati ya ardhi, akawa raia, hajarusha hata jiwe, ameshinda kesi, na bado akabaki nje.

Sasa hapo nikuulize, pale Bir'im nani alitangulia? Wewe utasema sinagogi. Hassan atasema ile familia iliyolima hayo mashamba vizazi na vizazi, na nani anajua, pengine baadhi ya hao Waarabu ni damu ya hao hao walioomba kwa hilo sinagogi wakabadili dini na lugha miaka ikienda. Yote inaweza kuwa kweli na haimsaidii yule nyanya wa kuku hata kidogo.

Hata Hassan nimemwambia peke yake, nimempigia simu, nisije nikaonekana nakuchapa wewe pekee. Nilimuuliza Wayahudi wa Baghdad warudi Poland gani? Hao walipelekwa Babeli na Nebukadneza, ile Zaburi ya mito ya Babeli tunayoimba ni yao, walikuwa huko zaidi ya miaka 1000 kabla jeshi la Waarabu halijafika. Talmudi ya Babeli, kitabu chao kikubwa cha mafundisho, imeandikwa huko. Lugha yao nyumbani ilikuwa Kiarabu, chakula chao, muziki wao, na waziri wa kwanza wa fedha wa Iraq, Sassoon Eskell, alikuwa Myahudi. Kama kutangulia kungekuwa kinga, hakuna watu duniani walikuwa na kinga kuliko hao. Juni 1941, sikukuu yao ya Pentekoste, watu wakawaingilia manyumbani siku mbili, wakaua zaidi ya watu 100, wakaiba maduka, ingawa pia majirani Waislamu waliwaficha wengine, na hao majirani nawaombea mpaka leo. Wanaita Farhud. Septemba 1948 tajiri mmoja Myahudi, Shafiq Ades, akanyongwa Basra hadharani. Mwaka 1950 ikatoka sheria Myahudi anaweza kuondoka akiacha uraia, watu wakajiandikisha kwa maelfu, halafu Machi 1951 serikali ikafungia mali ya waliojiandikisha. Kama 120,000 wakapandishwa ndege wakaenda kukaa kwa mahema Israel, watu waliokuwa na nyumba za ghorofa mtoni Tigris. Leo Wayahudi wa Baghdad unawahesabu kwa vidole.

Hassan alinyamaza kidogo kwa simu. Akasema hiyo hakufundishwa. Nikamwambia hata mimi sikufundishwa.

Kuna kitu kimoja kinanichoma zaidi ya vyote. Machi hiyo ya 1951, mali ya Baghdad ilipofungiwa, waziri wa mambo ya nje wa Israel, Moshe Sharett, alisema bungeni kwamba hiyo mali itaingizwa kwa hesabu, itakatwa kwa fidia ya mali ambayo Waarabu waliacha Israel. Yaani nyumba ya Myahudi wa Baghdad inalipia shamba la Mpalestina. Nani aliwauliza hao wawili? Myahudi wa Baghdad hakuwahi kudai apewe shamba la mtu wa Galilaya badala ya duka lake, na wa Galilaya hakuchukua duka la mtu yeyote Baghdad. Tangu siku hiyo ukitaja wakimbizi 700,000 wa Kipalestina wa 1948 unajibiwa na Wayahudi waliotoka nchi za Kiarabu, ukitaja hao Wayahudi unajibiwa na Wapalestina, hivyo hivyo mlivyokuwa mkifanya wewe na Hassan, na hakuna anayelipwa. Machozi ya huyu yanatumika kufuta deni la yule.

Na watu wanatupima hivyo tangu zamani hata sisi. Si unajua Waingereza waliwahi kutaka kuwapa Wayahudi hapa kwetu? Mwaka 1903 Chamberlain, waziri wao wa makoloni, alimpa Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao, ofa ya Uasin Gishu, wanaiita mpango wa Uganda lakini ardhi yenyewe ni hii ninayolima. Kongamano la Wazayuni lilizozana Basel mpaka wengine wakatoka nje wakilia, mwaka 1905 wakaja watu watatu kukagua, wakakataa, baadaye Makaburu wakaletwa kutoka Afrika Kusini 1908. Kwa hayo yote babu zangu Wanandi hawakuulizwa hata siku moja, na wakati huo huo walikuwa wanapigwa na bunduki za hao Waingereza. Wale Wayahudi walikuwa wanakimbia kuuawa Urusi, mauaji ya Kishinev ni mwaka huo huo 1903, siwachukii hata kidogo kwa kutafuta pa kulala. Nachukia yule anayegawa kwa kalamu. Alivyofanya hapa ndivyo alivyofanya kule 1917 kwa barua ya Balfour, waziri wao aliyewaahidi Wayahudi makao Palestina. Waarabu walikuwa kama tisa kwa kumi ya watu wa Palestina na barua inawaita tu jamii zisizo za Kiyahudi. Jina lao halimo.

Leo kama mmoja kwa watano wa raia wa Israel ni Mwarabu. Mpaka 1966 waliishi chini ya utawala wa jeshi, kutoka kijijini unaomba kibali. Sasa wanachagua wabunge, wako madaktari na majaji, hiyo lazima niseme juu ni kweli, lakini 2018 bunge likapitisha sheria kwamba haki ya kujiamulia kama taifa ndani ya nchi ni ya Wayahudi peke yao na Kiarabu kikaondolewa kuwa lugha rasmi. Hata Wadruze, watu wa Kiarabu wenye dini yao wenyewe, ambao vijana wao wanafia jeshi la Israel waliingia barabarani Tel Aviv kwa maelfu, wakiuliza sisi ni nani basi. Na Oktoba 7 2023 Hamas walipoingia na kuua watu kama 1,200, waliua pia Mabedui Waislamu, na wale vijana wawili wa Tanzania waliokwenda kusomea kilimo. Gaza tangu hapo wamekufa makumi ya maelfu, watoto wengi mno, sina nguvu ya kuandika juu ya hiyo leo, naangalia picha nazima simu.

Njeri, sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Baba yako alikuwa na hati ya shamba Burnt Forest. Alinunua kwa pesa yake, shilingi kwa shilingi, tulicheza kwa hiyo boma mimi nikiwa sijui Mkikuyu ni nini. Mwaka 1992 mkakimbia mkarudi, na 2008, ghasia za uchaguzi, mkakimbia mkalala Showground ya Eldoret kwa matope, na watu wetu, watu wangu mimi, wanaosali na mimi, walikuwa wanasema hii ni ardhi ya babu zetu, hawa ni madoadoa, warudi kwao Central. Wewe ulikuwa umezaliwa hapa. Kwenu ulikuwa hapa. Na historia ya watu wangu haikuwa uongo, ardhi kweli ilichukuliwa na mzungu, machungu yalikuwa ya kweli, lakini deni la mzungu mkaja kudaiwa nyinyi. Ndiyo maana nilipoona hilo neno limetoka kwa simu yako nilishtuka kama nimeona mtu ninayemjua amevaa nguo za mtu mwingine.

Sikuambii usiwapende Wayahudi. Wapende, wamechinjwa vya kutosha na wana haki ya mahali ambapo hakuna anayewagongea mlango usiku. Sitaki hata uache kusoma ile ahadi ya Abrahamu. Nakuomba tu mtu akikuambia nani alitangulia, muulize na yule aliyebaki wachache pale kijijini anafanywa nini leo, awe Mwarabu Galilaya au Myahudi Baghdad au wewe Burnt Forest.

Yule nyanya wa kuku alirudi Bir'im. Alirudi kwa jeneza. Makaburini wanawaruhusu, harusi na ubatizo pia wanakuja kufanyia kwa lile kanisa, jioni wanafunga mlango wanashuka Jish. Mjukuu wake alituonyesha kaburi, akatuambia mpaka anazeeka alikuwa akihesabu wale kuku kwa majina.

Nilipokuwa nimesimama hapo ndipo nikakumbuka kwamba tangu 2008 sijawahi kukuuliza. Nilikuuliza mko wapi, mnakula nini, nikakutumia pesa, lakini hiyo sikuuliza. Ule usiku mkitoka, mama aliacha nini kwa meko? Muulize kama hatachukia, uniandikie.

Wako,
Chebet